Kasa wa Ofisi ya Maji

Langoni, orofa ya pili, feni yakohoa.
Mimi, mashine, na bili elfu mbili mia nne
zinazotakiwa mitaani kabla ya Ijumaa.

Mwaka wa kwanza nilifanya nilivyofunzwa:
nikatangaza vigeu kimoja kimoja kwa mkono.
Namba ya mita, tarakimu nane.
Mtaa, herufi kumi na tano.
Jina, herufi ishirini,
na nikajiona karimu.
Ni nani atakayetaka zaidi ya ishirini?

Akaja Mwanamkuu binti Shee Athman Bakari,
bili mkononi, kaikunja mara nne.
Hesabu mwenyewe, na nafasi uzitie:
herufi ya ishirini ni ile *e* ya mwisho ya Shee.
Hapo ndipo programu yangu,
kwa kuogopa kuanguka, ilipopitisha kisu.
Na Mwanamkuu binti Shee yuko mwingine, wa Mkomani,
mwenye deni la miaka mitatu,
na Famau mgawa bili husoma jina, hasomi mita.

Hakupaza sauti. Aliiweka karatasi juu ya kibodi,
akanena Kiamu chake taratibu:
"Mumelitinda ina langu, mwanangu.
Babu yangu mumemuata nde."

Usiku ule sikulala. Nikafungua kitabu upya.

Wenye kompyuta humwita kasa,
yule apitaye jedwalini mstari kwa mstari
akikuletea ulichouliza, si kingine.
Wametwaa neno la watu, wala hawajui
kwamba huku kwetu kasa ana gamba,
hupanda mchanga wa Shela usiku,
na kabla hajataga yai hata moja
huchimba shimo kwa makasia yake ya nyuma,
kina chake ni urefu wa kasia lake.
Hakuna amchimbiaye.

Basi nikafuta vigeu vyangu vyote,
ile ishirini nikaifuta mwisho, kwa haya.
Nikamtangaza kasa kwanza:
niletee mita, jina, mtaa, deni na faini yake.
Kisha chini yake, mstari mmoja tu:
rekodi hii na iwe kwa umbo la mstari wa kasa huyu.
Asilimia, neno moja la Kizungu, nukta na mkato.
Wala si kinyume chake;
shimo halimtangulii kasa.

Sikutaja urefu. Sikutaja aina.
Jedwali likipanuka kesho, jina likawa herufi mia,
rekodi itapanuka nalo, nami nimelala.

(Faini ilinisumbua hadi alfajiri.
Ilikuwa hesabu tu, deni mara asilimia tano,
haina jina, na kisicho na jina
rekodi haiwezi kukuitia.
Nikaipa lakabu: *faini*. Ikaitika.)

Nikamfungua kasa. Akaanza kutaga.
Yai, rekodi ikajaa, bili ikachapwa.
Yai, rekodi ikajaa, bili ikachapwa.
Kwenye mia sita na kitu nikainuka kitini:
Mwanamkuu binti Shee Athman Bakari,
mzima, na babu yake ndani,
na baba wa babu yake,
deni: shilingi mia mbili na kumi.

Nilidhani hapo ningefurahi, nikafunga, nikaenda nyumbani.
Lakini kasa hakuwa amemaliza.

Mita 00417. Mtaa, Gadeni.
Deni, sufuri; hulipa kila mwezi, tarehe tatu.
Jina: tupu.
Si nafasi, si kistari. Tupu.
Rekodi ikaupokea utupu ule kwa adabu ileile,
kwa kuwa nao ulikuwa na mahali pake.

Nikakaa nikiitazama. Feni ikakohoa.
Nani huyu anayekunywa, analipa, na hatujapata kumwandika?

Kukicha nitamtuma Famau akapige hodi.
Nitamwambia abebe karatasi ndefu.